STOC, CCC, FSTTCS au semina ya mtandaoni? Ulinganisho kwa wanaosoma nadharia ya uchangamano Mbeya na Iringa

Mwanafunzi wa uzamili au mhadhiri kijana aliyeko Mbeya, Iringa au Njombe, ambaye ameamua kwa dhati kuishika nadharia ya uchangamano wa ukokotoaji, yaani tawi linalouliza ni muda kiasi gani na kumbukumbu kiasi gani vinahitajika ili kompyuta yoyote itatue tatizo fulani, hukutana mapema na swali zito la kuchagua. Katika fani hii matokeo makubwa hutangazwa kwanza kwenye makongamano, kisha ndipo yafike kwenye majarida, na makongamano yenyewe karibu yote hufanyika ng'ambo. Orodha za ubora zinazosambaa zimepangwa kwa ajili ya mtu aliyeko Boston au Zürich, ambaye akichagua vibaya hupoteza juma moja tu. Kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini, ambaye fedha za safari huenda akazipata mara moja katika miaka kadhaa, mizani ni nyingine, na ndiyo ninayoitumia hapa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kongamano lenye jina kubwa kuliko yote silo linalomfaa zaidi mtu wetu, na mihadhara ya bure ya mtandaoni, ikifuatwa kwa utaratibu, ina thamani kubwa kuliko wengi wanavyoipa.

STOC na FOCS kando ya CCC

STOC, kongamano lililo chini ya ACM, jumuiya ya wanakompyuta, ilianza mwaka 1969 na hufanyika kila Juni au karibu na hapo. FOCS, iliyo chini ya IEEE, jumuiya ya wahandisi, ilianza mwaka 1960 kwa jina lingine, ikapata jina la sasa mwaka 1975, na kwa kawaida huja katika miezi ya mwisho ya mwaka. Uzito wa majina haya ni wa haki. Ni katika STOC ya mwaka 1971, huko Shaker Heights, Ohio, ambapo Stephen Cook aliwasilisha makala iliyoonyesha kwamba tatizo la kutosheleza fomula za kimantiki limebeba ugumu wa kundi zima la NP, yaani matatizo ambayo jibu lake likishatolewa hukaguliwa kwa haraka. Ni katika FOCS ya mwaka 1975 ambapo Hopcroft, Paul na Valiant walionyesha kwamba kumbukumbu inaweza kubanwa kidogo chini ya muda, na baada yao swali hilo likakaa miaka hamsini bila kusogezwa kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2024 James Cook, mtoto wa Stephen, pamoja na Ian Mertz wakaleta STOC mbinu mpya ya kutumia kumbukumbu ambayo tayari ina kitu ndani yake. Mwaka uliofuata, katika STOC iliyofanyika Prague, Ryan Williams akaitumia mbinu hiyo kuthibitisha kwamba hesabu inayochukua hatua t kwenye mashine ya Turing, yaani kielelezo cha kinadharia cha kompyuta, yaweza kuigwa kwa kumbukumbu ya takriban kipeuo cha pili cha t. Mtu anayeipenda fani hii hawezi kusoma mfululizo huo bila kutamani kuwa ndani ya ukumbi.

Hata hivyo, STOC na FOCS ni makongamano ya nadharia yote ya kompyuta. Humo mna algoriti, yaani taratibu za hatua kwa hatua za kutatua matatizo, usimbaji fiche, nadharia ya michezo, ujifunzaji wa mashine na ukokotoaji wa kwantamu, na uchangamano ni sehemu moja tu. Makala zinazokubaliwa kwa mwaka hupita mia moja, mawasilisho huendeshwa katika kumbi kadhaa kwa wakati mmoja, na kila mwandishi hupewa dakika chache. Mtu asiyefahamika, asiye na msimamizi wa kumshika mkono na kumtambulisha, anaweza kukaa siku zote za kongamano akisikiliza mengi na asizungumze na hata mtu mmoja anayefanya kazi inayofanana na yake.

CCC, kongamano la uchangamano wa ukokotoaji pekee, ni la namna nyingine. Lilianza Berkeley mwaka 1986 likiwa na jina lililozungumzia muundo wa nadharia ya uchangamano, likapata jina la sasa mwaka 1996, na kuanzia mwaka 2015 likaendeshwa na watafiti wenyewe, nje ya IEEE, makala zake zikichapishwa katika mfululizo wa LIPIcs ambao mtu yeyote anausoma bure. Makala zinazokubaliwa ni chache, thelathini hadi arobaini hivi katika miaka ya karibuni. Wote hukaa ukumbi mmoja, husikiliza wasilisho moja, kisha hutoka pamoja kunywa chai wakiwa na jambo lile lile kichwani. Mgeni hahitaji kutambulishwa, kwa kuwa swali zuri kuhusu wasilisho ambalo kila mtu amelisikia linatosha kufungua mazungumzo.

Mtu asidhani kwamba udogo huo ni udhaifu. Makala ya Ryan Williams iliyothibitisha kwamba kundi la NEXP, lenye matatizo magumu kuliko NP, haliwezi kutatuliwa kwa saketi ndogo (mitandao ya milango ya kimantiki) za aina maalumu iitwayo ACC ilitolewa CCC mwaka 2011, na mwaka 2024 ndiyo iliyopewa Tuzo ya Gödel, tuzo kubwa ya makala za nadharia ya kompyuta. Ndani yake mna wazo linalostahili kusomwa na kila anayeanza: kwamba ukipata algoriti iliyo bora hata kwa kiasi kidogo kuliko kujaribu majibu yote, katika kukagua kama saketi inaweza kutoshelezwa, unaweza kuigeuza algoriti hiyo kuwa uthibitisho wa kikomo cha chini, yaani kwamba tatizo fulani haliwezi kutatuliwa kwa rasilimali pungufu ya kiasi fulani. Aliyekuwa ndani ya ukumbi ule mwaka 2011 alikuwa na nafasi ya kumuuliza mwandishi ana kwa ana.

Kwa sababu hizo, kama fedha ni za safari moja tu na kazi yako ni ya uchangamano hasa, iwe ni saketi, uthibitisho shirikishi, ubahatishaji au ugumu wa mawasiliano, mimi ningezielekeza CCC. Natoa hali mbili tu ambazo zingenifanya nibadili mawazo. Ya kwanza ni pale kazi inapogusa algoriti moja kwa moja, kama ile inayopima kwa undani kama tatizo lenye algoriti ya kipeo cha pili linaweza kutatuliwa kwa haraka zaidi, kwa kuwa wasomaji wa kazi hiyo wengi wako STOC, FOCS na ICALP, kongamano la Ulaya nitakalolieleza chini. Ya pili ni viza, na hili halizungumzwi vya kutosha. Matokeo ya uteuzi wa STOC hutoka takriban miezi minne kabla ya kongamano, wakati yale ya CCC mara nyingi huacha miezi miwili au mitatu. Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na ubalozi ukikuita kwa mahojiano, kisha ukakuita tena kwa alama za vidole au kuchukua pasipoti, kila mwito ni basi la usiku kupitia Makambako na Iringa au tiketi ya ndege kutoka Songwe. Kwa hiyo, kabla ya kutuma makala, tazama kongamano la mwaka huo linafanyika nchi gani. CCC ilikuwa Warwick mwaka 2023, Ann Arbor mwaka 2024 na Toronto mwaka 2025, nchi tatu tofauti zenye taratibu tatu tofauti. Ukikubaliwa huku muda ukiwa mfupi, waandikie waandaaji siku hiyo hiyo kuomba barua ya mwaliko, na uwaulize mapema kama wanaruhusu kuwasilisha kwa njia ya mtandao endapo viza itachelewa.

Makala ya kwanza: Ulaya au India?

Watu wengi hutuma makala yao ya kwanza STOC, ikakataliwa, wakakata tamaa. Ngazi zilizo kati ni nyingi na ni za heshima. ICALP, kongamano la jumuiya ya Ulaya ya nadharia ya kompyuta, lilianza mwaka 1972 na lina mkondo wa algoriti na uchangamano pamoja na mkondo wa mantiki na otomata. Ndilo linalopokezana na STOC kukabidhi Tuzo ya Gödel, kwa hiyo nalo ni gumu kuingia. STACS, lililoanza mwaka 1984 kwa ushirikiano wa Ufaransa na Ujerumani, hufanyika Februari au Machi. MFCS, lenye asili ya Chekoslovakia na Poland na lililoanza pia mwaka 1972, huja mwezi Agosti. Makala za yote matatu sasa zimo katika LIPIcs na husomwa bure.

Kwa kalenda ya vyuo vyetu, MFCS ndilo linalokaa vizuri zaidi, kwa sababu Agosti huwa tumeingia likizo ndefu. STACS huangukia karibu na mapumziko ya kati ya mihula. ICALP, linalofanyika Julai, hugongana na mitihani na usahihishaji, na mhadhiri mwenye madarasa makubwa atalazimika kuomba mtu wa kumshikia kazi.

Lakini ambaye hajawahi kuchapisha ningemshauri atazame kwanza India. Kongamano la FSTTCS hufanyika huko kila Desemba tangu mwaka 1981, na makala zake zimo katika LIPIcs tangu mwaka 2008. Wapitiaji wake ni watu wale wale wanaopitia makala za makongamano makubwa, kwa hiyo hata ukikataliwa unapata maoni ya wajuzi. Gharama za kuishi ziko chini kuliko Ulaya, na kutoka Dar es Salaam kumekuwa na ndege za moja kwa moja hadi Mumbai. Zaidi ya hayo, India ina mapokeo ya uchangamano ambayo sisi tunayahitaji kuyaona kwa karibu. Mwezi Agosti 2002, huko Kanpur, Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena walitangaza algoriti ya muda wa polinomia, yaani ambayo muda wake haukui kwa kasi kupita kiasi namba inapoongezeka tarakimu, ya kutambua kama namba ni tasa, swali lililokuwa limewashinda wanahisabati wa vyuo vyenye fedha nyingi kuliko chao. Kayal na Saxena ndio kwanza walikuwa wamemaliza shahada ya kwanza. Uthibitisho wao ni mfupi kiasi kwamba mwanafunzi makini wa mwaka wa tatu wa hisabati pale Mkwawa anaweza kuufuata wote kwa kalamu na karatasi, na ningependa aufuate. Leo IIT Madras, chuo chenye watafiti wa nadharia hii, kina tawi Zanzibar tangu mwaka 2023, na hilo limeusogeza mlango wa India karibu nasi zaidi.

Ugumu wa FSTTCS kwetu ni mmoja: Desemba ni katikati ya muhula wa kwanza. Ombi la ruhusa liandikwe mapema, likiwa na barua ya kukubaliwa kwa makala, kwa sababu ombi la kwenda kusikiliza tu hukataliwa kirahisi.

Dagstuhl na Simons

Schloss Dagstuhl, iliyoko Ujerumani, hukusanya watafiti kwa juma moja la mazungumzo ya mada moja, na huingiwa kwa mwaliko tu. Usiipange katika bajeti. Soma taarifa za semina zake, ambazo ziko wazi kwa kila mtu, kwa kuwa huorodhesha maswali ambayo wenye fani wanaona hayajajibiwa, na hiyo ndiyo orodha ambayo mwanafunzi wa uzamivu huitafuta kwa shida.

Taasisi ya Simons ya Berkeley, iliyoanza mwaka 2012, huendesha programu za muhula mzima, na hapa ndipo mtu wa mbali hupata riziki, kwani mihadhara yake hurekodiwa na kuwekwa wazi. Kila programu huanza na mihadhara ya utangulizi iliyokusudiwa kuwaweka washiriki wote kwenye msingi mmoja. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2023 mada ilikuwa uchangamano wa uchangamano wenyewe, yaani ni vigumu kiasi gani kugundua kwamba tatizo ni gumu. Mtu aliyeifuata mihadhara hiyo ya utangulizi kwa kalamu mkononi amepata kozi ambayo katika vyuo vyetu vya Mbeya na Iringa hakuna wa kuifundisha.

Muhadhara wa moja kwa moja na muhadhara uliorekodiwa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wengi wetu tutakapotumia muda wetu mwingi, tupende tusipende.

TCS+ ni mfululizo wa mihadhara ya mtandaoni ya nadharia ya kompyuta ulioanza mwaka 2013. Hufanyika siku za Jumatano, saa saba mchana kwa saa za mashariki ya Marekani, ambayo kwetu ni saa mbili usiku wakati wa kiangazi chao na saa tatu usiku wakati wa baridi yao. Saa hizo ni nzuri kwetu. Vipindi vimekwisha, intaneti ya chuo imepungua msongamano, na msikilizaji anaweza kuuliza swali na kujibiwa na mwandishi mwenyewe bila nauli wala viza. Muhadhara uliorekodiwa nao una faida yake: unausimamisha, unarudia sehemu ya uthibitisho mara tatu, unaupakua ukiwa chuoni na kuutazama nyumbani hata umeme ukikatika. Ubora wa chini wa picha unatosha, kwani slaidi husomeka, na bando halitaisha kwa muhadhara mmoja.

Nikilazimishwa kuchagua, kwa anayejifunza mada kwa mara ya kwanza nachagua rekodi, na kwa aliyekwisha kuisoma makala nachagua muhadhara wa moja kwa moja, kwa sababu swali la maana haliji kwa mtu anayeisikia mada kwa mara ya kwanza. Makala zenyewe hupatikana bure katika hifadhi ya ECCC, iliyoanzishwa Trier mwaka 1994 na sasa inatunzwa katika Taasisi ya Weizmann, na katika arXiv.

Ipo njia ya tatu, bora kuliko zote mbili, na kisa cha László Babai kinaionyesha. Mwezi Novemba 2015, katika semina ya Chuo Kikuu cha Chicago, Babai alieleza algoriti mpya ya kutambua kama grafu mbili, yaani michoro ya nukta zilizounganishwa kwa mistari, zina umbo moja, kwa muda unaokaribia polinomia. Habari ilienea dunia nzima, na mwaka 2016 makala ikatolewa STOC. Kisha Harald Helfgott akaombwa kuieleza kazi hiyo katika semina ya Bourbaki, semina maarufu ya wanahisabati mjini Paris, mwezi Januari 2017. Alipokuwa akijiandaa, akikagua hatua kwa hatua kwa sababu angesimama mbele ya watu kuitetea, akagundua kosa. Babai alikiri, na siku chache baadaye akalirekebisha. Muhadhara wa Chicago haukuligundua kosa hilo, wala wapitiaji wa STOC. Aliyeligundua ni mtu aliyekuwa na wajibu wa kuiwasilisha makala ya mwenzake.

Wajibu wa namna hiyo hauhitaji Paris. Wanafunzi na wahadhiri wanne au watano kutoka MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya), Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Ruaha wanaweza kupeana zamu, mmoja akiwasilisha ubaoni makala moja ya CCC kila baada ya majuma mawili, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, huku wengine wakimkatiza kila wasipoelewa. Mbeya na Iringa zimetenganishwa na safari ya siku moja ya basi, kwa hiyo vikao vingi vitakuwa vya mtandaoni na vichache vya ana kwa ana. Katika mambo yote ninayoyalinganisha hapa, hili ndilo lenye gharama ndogo kuliko yote, na ndilo ninaloliamini kuliko yote.

Yaliyoko barani, na yale ya kuepuka

AFRICACRYPT, lililoanza Casablanca mwaka 2008, ni kongamano la usimbaji fiche linalozunguka nchi za Afrika, na linafaa kwa mwenye kazi inayohusu ugumu ambao usalama wa mifumo hiyo huutegemea. Makala ya uchangamano mtupu haitapata nafasi hapo. Shule za CIMPA, shirika la hisabati lenye makao Nice, na programu ya hisabati ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, EAUMP, iliyoanza mwaka 2002, hujenga msingi wa aljebra na kombinatoria ambao mtu wa uchangamano huuhitaji sana. Amerika Kusini walianza LATIN mjini São Paulo mwaka 1992 na leo ni kongamano linaloheshimika la nadharia ya kompyuta, nami siachi kuamini kwamba Afrika Mashariki inaweza kufanya vivyo hivyo.

Barua pepe zinazokualika kwenye kongamano la "sayansi, uhandisi, biashara na elimu" kwa pamoja, zikikuahidi jibu ndani ya juma moja na kudai ada kabla ya mapitio, zifutwe. Kagua majina ya kamati ya programu, kisha tafuta kongamano hilo katika dblp, hazina ya bibliografia inayosimamiwa na Dagstuhl. Kuwamo humo hakuthibitishi ubora, lakini kwa fani hii kutokuwamo ni sababu ya kutosha ya kuacha kutuma pesa.

Jambo la mwisho linahusu ajira. Vyuo vyetu, katika kupandisha vyeo, huipa makala ya jarida uzito kuliko ya kongamano, na kamati haitakuwa na wajibu wa kujua CCC ni nini. Kwa hiyo makala ikishakubaliwa katika kongamano lolote kati ya haya, andaa toleo kamili lenye uthibitisho wote na ulitume kwenye jarida. Computational Complexity na SIAM Journal on Computing yanafahamika kila mahali. Theory of Computing, lililoanza mwaka 2005, halimtozi mwandishi wala msomaji. Toleo hilo lianze kuandikwa mara tu baada ya kurudi safarini, wakati maswali uliyoulizwa ukumbini bado unayakumbuka, kwani mengi kati yake ndiyo ambayo wapitiaji wa jarida watayauliza tena.